Tenki Tupu

"Sawa, mzee," fundi alimwambia baba mdogo. "Kijana wangu atachomelea tenki likiwa hapo hapo lilipo. Ila wewe utakaa kwenye kiti cha dereva mpaka amalize."

Baba mdogo akacheka. Fundi hakucheka.

Tulikuwa Kizota, kwenye gereji isiyo na ukuta wala kibao, chini ya mwarobaini, upepo wa Dodoma ukivuma kiasi cha kuongea macho yamefumbwa. Mbele yetu Land Rover ya miaka ya sabini, ile fupi yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, boneti liko wazi. Pembeni ya injini kulikuwa na dumu la lita tano lililofungwa kwa vipande vya tyubu, mpira mwembamba ukitoka humo kwenda kwenye kabureta. Tenki lilipoanza kuvuja, gari lilihamishiwa kwenye dumu, na kwa dumu hilo hilo likaja gereji.

Anayeyajua magari haya ameshaelewa kwa nini baba mdogo aliacha kucheka. Kwenye 88, tenki haliko nyuma. Liko chini ya kiti cha mbele cha kulia. Ukikaa kuendesha, umekalia lita 45 za petroli.

Mzee alisogea hatua mbili tatu kana kwamba anatafuta kivuli. Kisha akauliza, "Kulishusha umesema shilingi ngapi?"

Bei alikuwa ameshatajiwa tangu asubuhi, na alikuwa ameikataa. Haikubadilika hata shilingi moja. Kilichobadilika ni nani atakaa juu ya tenki.

Nimetembea na jambo hilo wiki kadhaa sasa, kazini, kwenye daladala, mpaka kwenye foleni ya benki.

## Mzee si bahili

Nisieleweke vibaya. Baba mdogo alikuwa dereva wa CDA, ile mamlaka ya zamani ya ustawishaji wa makao makuu Dodoma, akalinunua gari hili mnadani, na amelitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Alipoona picha za tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, hakulala. Alitaka lake nalo lipande barabara ya Kondoa na Babati, ile lami ya kilomita 251 iliyozinduliwa 2018, afike Arusha kwa magurudumu yake mwenyewe.

Matairi alinunua bila kuuliza mara mbili. Breki nzima, alilipa. Kabureta ilitafutwa mpaka Dar es Salaam na nauli ya basi ikatoka mfukoni mwake. Lakini alipoambiwa kuna pesa ya kushusha tenki kabla ya kulitengeneza, sauti ikapanda.

"Unanitoza kwa kufungua nati?"

Namwelewa. Ndivyo tulivyo karibu wote tunaopeleka magari kwa mafundi wa mtaani. Kifaa tunakilipia kwa sababu tunakishika, tunakipima kwa mkono, tunarudi nacho nyumbani kwenye boksi. Bei ya petroli yenyewe tunaijua mpaka shilingi ya mwisho, kwa kuwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi. Ila siku nzima ya mtu aliyelala chini ya gari akipambana na bolti iliyokufa, hiyo tunaibishania, na tukiishalipa tunaona tumempa zawadi.

Na palikuwa na kishawishi. Hatua chache kutoka pale yupo fundi mwingine wa kuchomelea ambaye alikuwa tayari kuifanya kazi tenki likiwa ndani ya gari, kwa pesa pungufu, na kabla ya jua kuzama. Baba mdogo alimnyooshea kidole.

"Mbona mwenzako anafanya kila siku na yupo hai?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama upande ule, na kweli yule bwana alikuwa mzima, anakunywa chai.

Jibu lilinijia usiku, baada ya hoja kuisha: gereji huonyesha waliobaki tu. Yule ambaye siku moja mambo yalimgeukia hayupo pale kutupa bei yake. Kwa hiyo ukiuliza mafundi waliosimama mbele yako kama kazi fulani ni hatari, kila mmoja atakuambia ameifanya miaka na hajaona kitu, na hakuna hata mmoja anayesema uongo.

## Afadhali lijae

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Wakati wa mabishano, baba mdogo alitoa utetezi ambao hata mimi niliuona wa maana. "Lakini tenki lenyewe tupu! Limeshavuja lote!"

Fundi akatikisa kichwa. "Mzee, lingekuwa limejaa ningeogopa kidogo. Tupu ndilo linaloua."

Nilidhani anatia chumvi. Nikaenda kusoma, na kila nilichosoma kilikuwa upande wake.

Petroli ya maji haishiki moto yenyewe. Kinachoshika ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo unawaka pale tu mvuke unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Chini ya hapo ni hafifu mno, juu ya hapo mvuke umezidi na hewa haitoshi. Tenki lililojaa lina nafasi ndogo juu, na nafasi hiyo kwa kawaida imeshiba mvuke kupita kiwango. Limwage sasa, liache mdomo wazi, hewa iingie kidogo kidogo. Umelisogeza mwenyewe mpaka katikati ya zile asilimia. Na halihitaji lita nzima kubaki. Unyevu kwenye kuta, kutu iliyolowa, matone yaliyojificha kwenye mshono, vyote vinaendelea kutoa mvuke, kwa sababu petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa jua la Dodoma hakuna haja ya kuuliza.

Kuna lingine. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo haupai ukapotea angani. Unateremka, unatambaa chini, unajaa kwenye mashimo. Ndiyo maana fundi alikataa kuliingiza gari kwenye lile shimo la kukagulia ambalo wengine walikuwa wakilitumia kwa raha. Alitaka pale pale chini ya mwarobaini, upepo ukipita. Nimeishi Dodoma maisha yangu yote nikiulaumu upepo huu, na hiyo ndiyo siku pekee niliyousifu.

Sote tunaijua Msamvu, Morogoro. Agosti 10, 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 hawakubaki hai. Baada ya hapo ungetegemea kila Mtanzania awe ameshaiogopa petroli. Nadhani tumejifunza kuogopa lori lililoanguka barabarani. Tenki bovu lililotulia gereji, tena tupu, halifanani na lile, na mtu huogopa kile alichokiona.

## Kulishusha

Siku iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa kwenye kigoda kutazama pesa ya baba mdogo ikifanya kazi.

"Mbukwenyi," mzee aliwasalimia kwa Kigogo alipofika, ishara kwamba mabishano ya jana yameisha.

Betri kwanza. Waya wa hasi ukatolewa, kisha betri yenyewe ikabebwa ikawekwa mbali, nikaambiwa hata spana ikiteleza sasa haina pa kupiga cheche. Simu zetu nazo zilipelekwa kwa mama ntilie. Sidhani simu ni hatari kubwa kiasi hicho, ila mtu anayehesabu kila kitu simpingi.

Halafu kumwaga. Chini ya tenki kuna plagi ya kutolea mafuta, na plagi ile ilikuwa haijafunguliwa tangu nisiwepo duniani, pengine. Fundi alikuwa ameilowesha dizeli tangu jioni. Kijana akachukua nyundo, akanyang'anywa. Akachukua mpira, akauweka mdomoni ili avute mafuta, akapigwa kofi la mkono. "Ikiingia mapafuni utajua mwenyewe," fundi alisema, na hakutania: petroli kidogo tu inayopita njia ya hewa inaweza kumlaza mtu hospitali kwa homa ya mapafu. Walisubiri. Wakajaribu, wakasubiri tena. Plagi ilipokubali, mafuta machache yaliyobaki yakashuka taratibu kwenye ndoo ya chuma iliyokuwa chini kwenye udongo. Na ndoo ile haikuinuliwa kuwekwa juu ya gari wala juu ya plastiki, kwa kuwa petroli inapotiririka huzalisha umeme tuli, na chombo kinachogusa ardhi huupeleka ardhini.

Sasa kiti. Mto ukatolewa, chini yake kukawa na kifuniko cha bati kilichoshikwa kwa skrubu, na chini ya kifuniko, mgongo wa tenki. Pale ndipo nilipoliona kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ya kupanda gari hili nikiwa mtoto. Waya za geji ya mafuta zikachomolewa. Bomba linalopeleka mafuta kwenye pampu likafunguliwa. Pembeni ulikuwepo mpira mnene wa kujazia na mwembamba wa kupumulia, yote miwili imekauka na kupasuka. Klipu zake zilivunjika zilipoguswa. Huenda nusu ya harufu tuliyokuwa tukiilalamikia ndani ya gari ilitoka huko, na hakuna kuchomelea ambako kungeiondoa.

Bolti za kulishikilia kwenye chesisi ndizo zilizokula siku. Hapo ndipo pesa ya mzee ilipokwenda. Huwezi kuzikata kwa moto, huwezi kuzisaga kwa grainda, kwa sababu ile ile. Ni spana, dizeli, brashi ya waya, subira, na kulala chali huku udongo ukikudondokea machoni. Fundi aliweka ubao juu ya jeki, akaupandisha mpaka ukagusa tumbo la tenki, ndipo akaruhusu bolti ya mwisho ilegezwe. Lingejaa lita zake zote lingekuwa na kilo zaidi ya 30 za petroli peke yake, zikicheza huku na huku. Tupu, watu wawili walilitelemsha kama mtoto aliyelala.

Kiti cha dereva kikabaki na shimo. Unaliona vumbi la Kizota kupitia pale ulipokuwa ukikaa.

## Aluminiamu imetudanganya

Kila mwenye Land Rover ya zamani atakuambia kwa kujivuna kwamba bodi yake haipati kutu. Ni kweli. Land Rover ya kwanza ilipozaliwa, 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, wakatumia aluminiamu. Miaka inapita, bodi inabaki, na mwenye gari anaamini chuma chote kiko hivyo. Chesisi ni chuma. Tenki ni chuma.

Chini ya lile tenki tulikuta historia ya matengenezo ya bei rahisi. Tabaka la sabuni ya mche lililopakwa kuziba tone, juu yake gundi, juu ya gundi rangi, kisha sabuni tena. Katikati ya tenki na chuma cha chesisi udongo wa mbugani ulikuwa umekaza, ukihifadhi unyevu wa kila masika. Dodoma haipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka wa kawaida, lakini udongo uliobanwa mahali pasipopitisha upepo hauna haraka ya kukauka.

Ndani ilikuwa mbaya zaidi. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo kila tone la maji lililowahi kuingia lilikwenda kukaa sakafuni na kula chuma kutoka ndani. Fundi alitoa kifaa cha geji, akaniambia nichungulie bila kuinamisha uso karibu. Magamba ya kutu, na tope jeusi. Hilo tope hakuna aliyeligusa kwa mkono mtupu: gari hili lilikunywa petroli yenye madini ya risasi miaka mingi, mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo mwanzoni mwa 2006, na masalia ya namna hiyo hayaaminiki.

Baada ya kusafishwa kwa brashi, sakafu ya tenki ilitoboka yenyewe sehemu nyingi.

Baba mdogo alipitisha kidole juu ya tundu moja. "Angechomelea wapi yule?"

Hakuna aliyemjibu. Moto ungegusa sehemu moja, bati la jirani lingekatika. Fundi wa bei rahisi angelipwa, dumu lingerudi kwenye boneti, na sisi tungesema mafundi wa siku hizi ni matapeli.

Tenki lililotumika, zima, tulilipata kwa mtu aliyekuwa akibomoa gari lake Mpwapwa. Hilo halina hadithi. Lilifungwa, mipira mipya ikavalishwa, gari likanywa kutoka mahali pake.

## Kijana

Narudi kwenye kile kiti, kwa sababu bado kinanisumbua.

Fundi aliposema "kijana wangu atachomelea", kijana alikuwa amesimama pale pale, kopo la grisi mkononi. Tulijadili kwa muda mrefu, sisi watu wazima watatu, kama achomelee au asichomelee. Alitusalimia "shikamoo" tulipofika, na baada ya hapo hakuna aliyemuuliza chochote. Hata hoja ya fundi, ambayo ndiyo iliyookoa siku, ilifanya kazi kwa sababu ilimweka mzee hatarini. Kijana kuwa hatarini kulikuwa kumeshakubalika tangu asubuhi.

Tunazo sheria. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya 2008, na mfuko huo unalipa kweli kwa aliyeumia kazini. Lakini mlango wake ni mwajiri. Kijana huyu mwajiri wake ni nani? Fundi humpa pesa ya kula na ujuzi. Mwenye gari humpa pesa ya soda. Kwenye karatasi hayupo popote. Fundi mwenyewe aliingia kwenye karatasi akiwa na umri mkubwa, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, walipopima ujuzi aliojifunza mtaani na kumpa cheti, na cheti hicho kimelaminishwa na kuning'inizwa kwenye mti.

Siku ya tenki jipya nilimuuliza kijana, mzee akiwa mbali: angeambiwa achomelee, angekataa?

Alinitazama kama nimeuliza swali la mtihani.

"Kaka, ningekataa ningekuwa wapi leo?"

Nimelitafakari jibu hilo kwa njia nyingi. Kuna wakati naona alimaanisha kibarua. Kuna wakati naona ni utani tu wa gereji. Nilitaka kuandika hapa kwamba mafundi wajifunze kukataa, nikafuta, kwa sababu fundi huyu alikataa na sisi tulitumia asubuhi nzima kumbembeleza aache kukataa. Presha haikutoka kwa mafundi. Ilitoka kwetu, wenye magari, tuliovaa mashati safi.

Nikipeleka gari langu sasa naanza na swali lingine: kazi hii ikifanywa taratibu, kwa namna ambayo wewe mwenyewe ungependa, ni bei gani? Wengine hunishangaa. Mmoja alidhani ni mtego wa watu wa kodi, TRA.

## Maji ya mgao

Limebaki tenki la zamani.

Fundi hakutaka libaki gereji, kwa kuwa anajua wenzake: mtu angelikata jiko au karai kabla hajarudi kutoka kula. Akalirudisha kwa mzee na masharti, matundu yazibwe, lijazwe maji mpaka shingoni, mvuke usipate pa kukaa. Kwa hiyo sasa liko uani kwake, Chang'ombe ya hapa Dodoma, limeegemezwa ukuta, na kwa ukavu wa hewa ya hapa maji yanapungua kila siku. Baba mdogo analijazia. Mama mdogo anataka kujua kwa nini chuma kibovu kinakunywa maji ya mgao wakati nguo za watu hazijafuliwa.

Wiki iliyopita alipita kijana wa chuma chakavu na mkokoteni wake. Akalipenda. Akatoa mzani.

"Mwaga maji basi mzee, nipime."

"Mtalikatia wapi?"

"Mimi sikati, nauza kwa wengine huko mbele."

"Na hao wanakata kwa kutumia nini?"

"Kwa gesi, mzee. Kwa kitu gani kingine?"

Baba mdogo akagoma. Amempigia fundi, ameambiwa lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, limwagwe, lioshwe tena, na tena, mpaka harufu iishe kabisa, kisha likae wazi juani siku kadhaa, na hata hapo anayelikata aambiwe lilikuwa la nini. Mzee amepiga hesabu ya mkaa na sabuni. Inazidi bei ya chuma chenyewe.

Jana alinipigia simu akitaka nimtumie pesa ya sabuni. Nimetuma. Yule kijana wa mkokoteni amesema atapita tena Alhamisi, na kwamba bei yake ni ile ile.